Chungu kimoja, mapacha wawili: Kwa nini mmoja huvimba miguu?

MTOTO mdogo anapovimba miguu na uso, nywele zake zikageuka rangi na ngozi yake ikaanza kubanduka, katika nyumba nyingi swali la kwanza halihusu chakula. Watu huuliza mama yake amefanya nini. Majirani hunong'ona, mawifi hukunja nyuso, na mama mkwe huhesabu miezi tangu mtoto azaliwe. Mtoto hajafikishwa hospitali, lakini hukumu imekwisha tolewa.

Hukumu hiyo inajulikana karibu kote kunakosemwa Kiswahili, kuanzia pwani ya Tanzania na Kenya hadi Kivu, na wasemaji wa lugha hii wamehama nayo. Wengi wao leo, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wanaishi nchini Malawi katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Sasa pana zaidi ya 50,000. Nao wenyeji wao, Wachewa wa vijijini Dowa na wa mitaa ya mji mkuu kama vile Kawale, wana imani zao kuhusu maradhi hayo hayo, na imani za pande hizo mbili zinafanana kama ndugu.

Inafaa kujulikana, basi, kwamba nchi hiyo hiyo ya Malawi ndiyo iliyotoa ushahidi mzito wa kisayansi dhidi ya hukumu hiyo. Ushahidi wenyewe ulitokana na watoto mapacha. Walizaliwa siku moja, wakanyonya ziwa la mama mmoja, wakalishwa kutoka chungu kimoja. Hata hivyo mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima.

LAWAMA NA MAJINA YAKE

Huko Tanzania watu husema mtoto "amebemendwa". Inaaminika kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto angali ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika. Baadhi ya watu wa pwani huita hali hiyo chirwa. Wachewa wa Malawi wana maneno yao, mdulo na tsempho, ambayo pia hutaja maradhi yatokanayo na kuvunjwa kwa miiko ya ndoa. Kivu, watoto wanaovimba husemwa kuwa wana bwaki. Kwa Kiswahili cha vitabu maradhi haya ni unyafuzi, na wengi huyaita kwashakoo, neno lililotokana na kwashiorkor la lugha ya Kiga cha Accra, nchini Ghana.

Yafaa kukiri kwamba wazee hawakuwa vipofu. Jina lile la Kiga linamhusu mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake aliyezaliwa karibu mno. Wazee waliona kwamba mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa kabla ya wakati na afya yake huharibika. Mwiko wa kutokutana kimwili ulikuwa njia yao ya kupanga uzazi, na kupanga uzazi bado ni kinga ya kweli. Kosa liliingia pale onyo lilipogeuzwa kuwa shutuma, na mama akawa mshtakiwa badala ya kuwa mtu anayehitaji msaada.

Madhara ya shutuma hiyo ni makubwa. Mama anayeogopa kusemwa humficha mtoto ndani. Humfunika nguo ndefu ili miguu isionekane, humtafutia mizizi na hirizi, na anapofika kliniki majuma yamekwisha pita. Kwa maradhi haya, majuma hayo ndiyo tofauti ya kupona na kufa.

SURA MBILI ZA NJAA

Utapiamlo mkali una sura mbili. Ya kwanza ni ukondefu. Mtoto hukonda hadi mifupa ikahesabika, na uso wake ukawa kama wa mzee. Kila mtu akimwona hujua kwamba ana njaa.

Sura ya pili ni unyafuzi, na huu huwahadaa watu. Maji hujaa mwilini, kwa hiyo miguu, mikono na mashavu huvimba, na mtoto huonekana kama amenenepa. Nywele huwa nyepesi, zenye rangi ya kutu, na hunyofoka bila maumivu. Ngozi hupata mabaka meusi kisha hubanduka kama iliyoungua. Ini huvimba kwa mafuta. Mtoto hupoteza hamu ya kula na ya kucheza; huketi akinung'unika, asitake kuguswa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mtu hubonyeza kwa dole gumba sehemu ya juu ya kila mguu, karibu na vidole, kwa muda wa kuhesabu sekunde tatu, kisha huachia. Ikiwa shimo linabaki katika miguu yote miwili, mtoto apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

MIAKA 80 YA KUTAFUTA CHANZO

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za maradhi haya mwaka 1933. Aliyahusisha na watoto waliolishwa zaidi mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1935 aliyapa katika maandishi ya kitaalamu jina lile alilolisikia kwa akina mama wenyewe.

Baada ya hapo wataalamu walishika wazo moja kwa muda mrefu, kwamba mtoto wa unyafuzi amekosa protini, yaani chakula cha kujenga mwili kilichomo katika maziwa, nyama, samaki na maharage. Kampala ilikuwa kitovu cha uchunguzi huo. Daktari Hugh Trowell na wenzake wa Mulago walitoa kitabu juu ya kwashiorkor mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 kikaanzishwa hapo kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambako akina mama walifundishwa kuwaponya watoto wao kwa vyakula vya shambani kwao.

Lakini wazo la protini peke yake lilianza kuyumba. Mwaka 1968 mtaalamu wa India, C. Gopalan, alieleza kwamba hakuona tofauti ya chakula kati ya watoto waliokonda na wale waliovimba. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la madaktari la Lancet, akikosoa vikali jitihada za dunia nzima zilizokazania protini na kusahau mambo mengine.

Wengine wakadhani kwamba mwili wa mtoto umekosa vitamini na madini yanayoulinda dhidi ya sumu zinazozalishwa ndani yake wenyewe. Wazo hilo lilijaribiwa vijijini Malawi kwa watoto 2,372, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Watoto waliopewa vitamini na madini hayo waliugua unyafuzi sawa na wasiopewa. Jibu halikuwa hilo.

Mtu asielewe vibaya. Hakuna aliyesema kwamba chakula si kitu. Unyafuzi huwapata watoto wa watu maskini, wanaokula mlo wa aina moja siku nenda siku rudi. Fumbo lilikuwa hili: katika kijiji kimoja, katika nyumba moja, chini ya ufukara ule ule, kwa nini huyu na si yule?

MAPACHA 317

Ili kulitatua fumbo hilo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington cha mji wa St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Profesa Jeffrey Gordon, walishirikiana na madaktari wa Malawi, akiwemo Profesa Kenneth Maleta wa Blantyre, na Daktari Mark Manary, Mmarekani ambaye kwa miaka mingi amewahudumia watoto wa Malawi. Walichagua mapacha kwa sababu iliyo wazi. Mapacha wana wazazi wale wale, nyumba ile ile, maji yale yale na sufuria ile ile. Kinachowatofautisha ni kidogo, kwa hiyo ni rahisi kukitafuta.

Waliandikisha jozi 317 za mapacha wa vijiji vya kusini mwa Malawi na kuwafuatilia katika miaka yao mitatu ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwezi Februari 2013 katika jarida la Science. Nusu ya jozi zote zilibaki na afya njema. Katika jozi 7 kwa kila 100, watoto wote wawili walipata utapiamlo mkali. Katika jozi 43 kwa kila 100, mmoja aliugua na mwenzake hakuugua. Jambo hilo lilionekana hata kwa mapacha wa kufanana, ambao wamerithi damu moja kabisa.

Hapa ndipo hukumu ya majirani inapovunjika. Kama tendo la wazazi ndilo linalomdhoofisha mtoto anayenyonya, lingewezaje kumpata mmoja na kumwacha ndugu yake aliyelala ubavuni pake? Kama ni uzembe wa mama jikoni, uzembe huo ungechaguaje mdomo mmoja kati ya miwili? Mara nyingi mno mama mmoja, kwa mikono ile ile na mapenzi yale yale, alimlea mtoto mzima na mtoto mgonjwa kwa wakati mmoja.

Wataalamu waliitafuta tofauti mahali pasipoonekana kwa macho, yaani ndani ya utumbo.

SHAMBA LILILOMO TUMBONI

Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2016, na wengi wao huishi katika utumbo mpana. Wengi si adui. Huvunja masalio ya chakula ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huufundisha mwili kupambana na maradhi. Mtoto huanza kuwapata anapozaliwa, na katika miaka miwili au mitatu ya kwanza jamii hiyo ya vijidudu hukua na kubadilika pamoja naye, kama shamba linaloanza na majani machache na kuishia kuwa na mazao ya kila namna.

Kwa mapacha wazima, shamba hilo lilikuwa likikomaa mwezi hadi mwezi. Kwa mapacha wenye unyafuzi lilikuwa limedumaa. Mtoto aliongezeka umri lakini vijidudu vyake vilibaki kama vya mtoto mdogo zaidi. Alipopewa chakula maalumu cha tiba, shamba lilianza kukomaa, lakini chakula kilipokoma lilirudi nyuma.

Ilibaki kujua lipi lilitangulia. Je, vijidudu vibovu vilileta maradhi, au maradhi yaliviharibu vijidudu? Wataalamu walichukua vijidudu vya pacha mgonjwa na vya pacha mzima, wakavipandikiza katika panya waliofugwa bila kijidudu chochote tumboni. Kisha wakawalisha panya hao vyakula vya kawaida vya Malawi, hasa unga wa mahindi na mboga. Chakula hicho kilipokutana na vijidudu vya pacha mgonjwa, panya walikonda sana. Ilibainika kwamba balaa linatokana na mambo mawili yanayokutana: mlo duni na vijidudu visivyokomaa. Kila kimoja humdhoofisha mtoto, lakini vikishikana mikono humwangusha.

Mwaka 2016 uchunguzi mwingine wa watoto wa Malawi ulionyesha upande wa matumaini. Panya waliokuwa wamedumaa kwa vijidudu vya mtoto mwenye utapiamlo walikua vizuri zaidi walipoongezewa aina mbili tu za bakteria kutoka kwa watoto wenye afya. Mwaka huo huo iligunduliwa siri moja ya maziwa ya mama. Maziwa hayo yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha vijidudu vyake. Katika maziwa ya mama wa Malawi ambao watoto wao walikuwa wamedumaa sana, baadhi ya sukari hizo zilikuwa pungufu. Kwa hiyo mama anayenyonyesha hulisha nafsi mbili: mtoto wake, na shamba lililomo tumboni mwa mtoto wake. Naye mama hawezi kutoa asichokuwa nacho. Kumlisha mama ni kumlisha mtoto.

TIBA ILIYOTOKA WODINI IKAENDA NYUMBANI

Zamani, mtoto wa unyafuzi alilazwa hospitalini kwa majuma mengi. Mama aliacha shamba na watoto wengine, wodi zikajaa, na watoto wakaambukizana maradhi. Katikati ya miaka ya 1990 Mfaransa André Briend alishiriki kubuni chakula dawa cha karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, hivyo hakiharibiki upesi hata katika nyumba isiyo na jokofu. Mwaka 2001 Daktari Manary alianza kuwaruhusu watoto warudi nyumbani Malawi wakiwa na chakula hicho. Wenyeji hukiita chiponde.

Na hapa jina la Dowa linaingia katika historia. Mwaka 2002, Malawi ilipokuwa katika njaa kubwa, wilaya hiyo hiyo yenye makazi ya Dzaleka ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kujaribiwa mpango wa kuwatibu watoto wa utapiamlo vijijini mwao. Wahudumu waliwatafuta watoto mlango kwa mlango, na wasiokuwa na matatizo mengine walitibiwa nyumbani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliuidhinisha mpango wa namna hiyo kwa nchi zote.

Aidha, Malawi ilisaidia kuonyesha nafasi ya viuavijasumu katika tiba hii. Watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali walipewa chakula dawa. Wengine waliongezewa kiuavijasumu, na wengine dawa isiyo na kitu ndani. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 walikufa 74 kati ya wasiopata kiuavijasumu, 48 kati ya waliopata amoksilini, na 41 kati ya waliopata aina nyingine iitwayo cefdinir. Uchunguzi uliofuata nchini Niger, mwaka 2016, haukuona faida kubwa ya jumla kama hiyo, kwa hiyo mjadala unaendelea. La uhakika ni kwamba dawa hizo zitolewe na mganga wa kliniki kwa kipimo. Mzazi anayenunua vidonge dukani kwa kubahatisha anaweza kuua vijidudu vyema pamoja na vibaya.

Kupona nako kunahitaji ulinzi. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Afrika na Asia, zikiwemo za Kilifi, Nairobi, Migori, Kampala na Blantyre, uliwafuatilia watoto 3,101 waliolazwa kwa maradhi makali. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba 350 walifariki katika muda wa miezi sita, na karibu nusu yao, watoto 168, walifia baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Siku ya kuruhusiwa, basi, si mwisho wa safari. Mtoto arudishwe kupimwa kila tarehe iliyoandikwa katika daftari lake.

KAZI HAIJAISHA

Sayansi bado inatafuta. Huko Dhaka, Bangladesh, wataalamu walitengeneza chakula cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, kilichochaguliwa mahsusi ili kustawisha vijidudu vyema. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto wenye utapiamlo wa kadiri waliokila kwa miezi mitatu waliongezeka uzito vizuri kuliko waliokula chakula cha kawaida cha msaada, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na nguvu zaidi. Ni muhimu kuona kwamba vitu vile vinne si vya anasa. Vyote hupatikana katika masoko ya Afrika Mashariki na ya Kati.

Kuna matumaini pia yaliyopungua. Wengi walitarajia kwamba vyoo, maji yaliyotiwa dawa na kunawa mikono vingetosha kuwafanya watoto wakue. Majaribio makubwa ya magharibi mwa Kenya, yaliyotangazwa mwaka 2018, na ya Zimbabwe, ya mwaka 2019, yalionyesha kwamba hatua hizo peke yake hazikuongeza urefu wa watoto. Walioongezeka kidogo ni wale ambao familia zao zilipewa lishe ya nyongeza na mafunzo ya kulisha. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuacha sabuni. Kipindupindu kilichoikumba Malawi mwaka 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700, na kinga yake ni usafi. Linaloonyeshwa na majaribio hayo ni kwamba ndoo ya maji safi haiwezi kuchukua nafasi ya bakuli la chakula.

MANENO MATUPU HAYAJAZI BAKULI

Ushauri wa lishe hauna uzito iwapo familia haina cha kununulia. Huko Dzaleka watu wengi hutegemea mgao, na mgao huo umekuwa ukipunguzwa kila fedha za wafadhili zinapopungua. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya makazi, Lilongwe ikiwemo, warejee Dzaleka. Wengi walipoteza vibanda na maduka yaliyokuwa yakiwalisha watoto wao.

Malawi inayo kumbukumbu ya yale yanayotokea mgao unapokuwa wa chakula kimoja. Mwaka 1990, karanga zilipokosekana katika mgao wa wakimbizi kutoka Msumbiji, watu zaidi ya 18,000 kati ya wakimbizi wapatao 286,000 waliugua pelagra, maradhi ya kukosa vitamini moja ambayo ni haba katika mlo wa mahindi matupu. Ngozi zao zilibabuka kwa jua. Waliokuwa na bustani ndogo, au waliokula karanga kila siku, walinusurika zaidi. Konzi moja ya karanga ilikuwa ukuta kati ya afya na maradhi.

Kwa hiyo lawama, kama ni lazima ielekezwe mahali, na ielekezwe kwenye umaskini na kwenye mgao usiotosha. Mama anayepika alichopewa hastahili kuibeba.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Pamoja na shida hizo, yapo mambo ambayo familia ya kipato cha chini inaweza kuyafanya.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi afikie miaka miwili au zaidi. Mama akishika mimba mapema asishurutishwe kumwachisha mtoto kwa hofu ya kubemenda. Wazazi wote wawili waende kliniki kupata ushauri wa kupanga uzazi.

Uji wa mahindi matupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Huko Likuni, pembezoni mwa Lilongwe, ndiko lilikotoka jina la unga mashuhuri wa Likuni phala, unaochanganya mahindi na soya. Mama anaweza kuchanganya mwenyewe nyumbani, mahindi sehemu kubwa na soya au karanga sehemu ndogo. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi humsumbua mtoto tumboni. Dagaa wadogo wa Ziwa Malawi, waitwao usipa, wakisagwa na kunyunyizwa katika uji au mboga humfaa sana mtoto. Maharage, majani ya maboga, yai linapopatikana, papai na embe katika msimu wake, vyote huleta vitu ambavyo mahindi hayana.

Karanga na mahindi yenye ukungu yasitumiwe, hata kwa kusagwa ili yasionekane. Ukungu huo una sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mazao yakaushwe juu ya turubai au mkeka, na yahifadhiwe mahali pasipo unyevu.

Mkono wa mtoto upimwe kwa utepe wa rangi walio nao wahudumu wa afya. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, mzingo wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na kati ya hapo na sentimita 12.5 ni onyo. Mwenye unyafuzi anaweza kupita kipimo hiki kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo miguu yake ibonyezwe vilevile. Kituo cha afya cha Dzaleka huwapokea wakimbizi na wanavijiji wa jirani, na wakazi wa Kawale wana kituo chao cha serikali mtaani.

Chakula dawa kilichotolewa kwa ajili ya mtoto mgonjwa ni dawa yake. Kisigawanywe kwa ndugu zake, ingawa roho ya mama huumia kuwanyima wengine, na kisiuzwe.

Na akina baba wanayo kazi yao. Mtoto anapovimba, baba ambebe pamoja na mkewe hadi kliniki, na awanyamazishe wanaonong'ona. Mama mkwe naye, ambaye neno lake lina nguvu nyumbani kuliko la daktari, anaweza kumwokoa mjukuu wake kwa kuuliza swali jepesi, yaani mtoto huyu apelekwe kliniki saa ngapi. Mapacha wa Malawi wamekwisha shuhudia kwamba mtoto anaweza kuugua mikononi mwa mama asiye na kosa lolote. Mama huyo anahitaji msaada, na anauhitaji leo.